Baba aliyeyaweka matanga ya bintiye kwenye albamu

MWAKA 2007 mwanamuziki wa Marekani, Steven Curtis Chapman, alitoa wimbo ambao akina baba wengi wenye mabinti waliupokea kama wa kwao. Unaitwa Cinderella. Kwa simulizi yake mwenyewe, chanzo chake ni jioni ya kawaida kabisa nyumbani: alikuwa akiwaogesha mabinti zake wawili wadogo na kuwaharakisha wakalale ili arudi kwenye kazi zake. Wao walitaka kuvaa magauni ya kifalme na kucheza. Yeye alitaka taa zizimwe. Walipolala, moyo ukamsuta, kwa sababu binti yake mkubwa tayari alikuwa msichana mzima na alijua miaka inavyokimbia. Akaandika wimbo kuhusu baba anayecheza na bintiye akiwa mdogo, kisha akiwa kijana, kisha akiwa mchumba wa mtu.

Miezi michache baada ya wimbo huo kutoka, mmoja wa wale watoto wawili alifariki dunia. Aliitwa Maria Sue. Alikuwa ametimiza miaka mitano wiki moja tu iliyopita.

Kilichofuata ni albamu ya Beauty Will Rise, iliyotoka Novemba 2009 ikiwa na nyimbo 12. Jina lake lina maana kwamba uzuri utainuka tena. Ni muziki wa Kikristo wa kisasa, wa gitaa na kinanda, unaopigwa kwenye redio za dini za Marekani katikati ya nyimbo za shangwe. Lakini ukiisikiliza yote kwa mkupuo mmoja, utagundua kuwa ni matanga ya baba mmoja yaliyorekodiwa. Kwa mzazi aliyefiwa, au anayeishi jirani na mzazi aliyefiwa, kuna mengi humo ya kujifunza hata kama si mpenzi wa muziki wa aina hiyo na hata kama si Mkristo.

Chapman alizaliwa mwaka 1962 huko Paducah, jimbo la Kentucky. Katika fani yake ni jina kubwa: ana tuzo tano za Grammy na zaidi ya 50 za Dove, ambazo ndizo tuzo kuu za muziki wa injili nchini mwake. Yeye na mkewe, Mary Beth, walijaliwa watoto watatu. Binti yao mkubwa, Emily, ndiye aliyewashawishi wazazi kuasili mtoto. Alisumbua, akaomba, hakuchoka. Mwaka 2000 familia ikamleta nyumbani Shaohannah kutoka China, kisha Stevey Joy, kisha Maria. Wakawa watoto sita. Mwaka 2003 wazazi hao walianzisha shirika la kusaidia familia zinazotaka kuasili watoto lakini hazina fedha za kutosha, ambalo leo linaitwa Show Hope.

Mei 21, 2008 nyumba yao ya Franklin, karibu na Nashville, ilikuwa ya furaha. Emily alikuwa amechumbiwa na sherehe yake ilikuwa bado mbichi. Kaka yake alikuwa anajiandaa kwa mahafali ya sekondari. Jioni hiyo mtoto wa tatu, mvulana mwenye miaka 17, alikuwa akiingia nyumbani na gari kubwa. Maria alimwona, akamkimbilia kumlaki. Yeye hakumwona Maria.

Helikopta ilimpeleka mtoto katika hospitali ya watoto ya Vanderbilt, Nashville. Hakupona. Polisi waliiona kuwa ni ajali na hakuna aliyeshtakiwa.

Kwa hiyo familia hii ilikuwa na misiba miwili kwa siku moja. Wa kwanza ni wa mtoto aliyekufa. Wa pili ni wa mtoto aliyebaki hai akijua kwamba mikono yake ndiyo iliyokuwa kwenye usukani. Baba huyo amesimulia kwamba wakati anaondoka kuelekea hospitali, alishusha kioo cha gari na kumpigia kelele mwanawe amjulishe kwamba baba yake anampenda. Hebu fikiria hali aliyokuwa nayo. Bintiye hajulikani kama atapona, akili imevurugika, lakini akakumbuka kwamba kuna mtoto mwingine pale uwanjani ambaye naye anaweza kupotea.

Wanaowahudumia watu waliosababisha kifo bila kukusudia wanajua uzito wa dakika kama hiyo. Mtu wa namna hiyo hujihukumu mwenyewe kabla ya mahakama yoyote. Hushindwa kulala, hurudiarudia tukio kichwani, hukwepa watu, na wengine hufika mahali pa kutaka kujiua. Neno la kwanza analolisikia kutoka kwa wazazi hukaa naye miaka. Katika familia nyingi neno hilo huwa ni swali la hasira: "Ulikuwa unaangalia wapi?" Familia ya Chapman iliamua mapema kwamba swali hilo halitaulizwa, na ikamtafutia kijana huyo, na wengine wote ndani ya nyumba, washauri wa kitaalamu. Walikuwa watu wa maombi kweli kweli, lakini hawakuona kwamba kwenda kwa mwanasaikolojia ni kumkosea Mungu imani.

Hilo lina historia. Mary Beth ameeleza waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 2010, Choosing to SEE, kwamba alikuwa akiishi na sonona miaka mingi kabla ya msiba. Ni mke wa mwimbaji maarufu wa injili, anasimama makanisani mbele ya maelfu, na anasema kwamba amewahi kuumwa ugonjwa huu na kutibiwa. Kwa jamii ambazo bado zinaamini sonona ni ukosefu wa sala au ni pepo, ushuhuda huo pekee una thamani kubwa.

Nyimbo zilizotoka kwenye giza

Baada ya mazishi, Chapman hakujua kama ataimba tena hadharani. Kuhusu Cinderella aliona wazi kuwa huo umekwisha, hatauweza. Baadaye alibadili mawazo, akaona kwamba ule wimbo sasa unasema jambo kubwa kuliko alilokusudia alipouandika, akaurudisha jukwaani.

Nyimbo mpya hazikuandikwa kwa mpango wa kutengeneza albamu. Yeye huziita zaburi zake. Ziliandikwa siku ambazo alihitaji kusema kitu ili aweze kuendelea kupumua, na sehemu ya kazi ya kuzirekodi ilifanyika nje ya studio, hata kwenye vyumba vya kuvalia nguo nyuma ya jukwaa alipokuwa ziarani. Inasikika. Sauti mahali pengine ni ya mtu aliyechoka, na mtayarishaji mwenye kupenda usafi angeiondoa. Imeachwa, na ni vizuri imeachwa.

Wimbo wa Heaven Is the Face unaanza na kitu kidogo kabisa. Mtu akiulizwa mbinguni ni nini, kwa kawaida atataja malaika na barabara za dhahabu. Baba huyu anaitazama mbingu kama uso wa mtoto mmoja wa kike. Wafiwa wengi watamwelewa papo hapo. Kinachouma siku za mwanzo ni viatu vidogo mlangoni, kikombe chake, na saa ya kumwogesha inapofika na hakuna wa kumwogesha. Mambo makubwa ya uzima na mauti huja baadaye.

Kuna wimbo unaoitwa February 20th. Hiyo ni tarehe ya mwaka 2008, miezi mitatu kabla ya ajali, ambapo Maria aliwauliza wazazi wake maswali kuhusu nyumba kubwa ya Mungu na kama na yeye ataishi huko. Watoto wa umri ule huuliza maswali kama hayo na wazazi hujibu huku wakipika. Baada ya kifo, jioni ile ikageuka kuwa hazina.

Na kuna SEE, maana yake "tazama". Siku chache baada ya Maria kufariki, wazazi walikuta karatasi kwenye meza yake ya kuchorea. Alikuwa amechora ua lenye petali sita, na katika hizo sita ni moja tu iliyotiwa rangi. Upande wa pili alikuwa ameandika neno hilo moja, SEE, neno ambalo hawakujua kwamba anaweza kuliandika. Watoto sita, petali sita, moja imekamilika. Wazazi waliupokea mchoro huo kama ujumbe. Msomaji mwenye mashaka atasema mtoto alichoka kupaka rangi akaenda kucheza, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini hakuna haja ya kubishana na mama aliyefiwa kuhusu karatasi aliyoishika mkononi. Wataalamu wa maombolezo wa leo hawamtaki mfiwa akate kila uzi unaomuunganisha na marehemu. Wanaona ni jambo la kawaida, na mara nyingi lenye afya, kuutafutia uhusiano huo namna mpya ya kuendelea.

Wimbo uliobeba jina la albamu ulitokana na safari ya China. Mei 12, 2008, siku tisa kabla ya kifo cha Maria, tetemeko la ardhi lilipiga jimbo la Sichuan na kuua watu karibu 70,000, wakiwamo watoto wengi waliofukiwa shuleni. Chapman na mkewe walikwenda huko na kukutana na wazazi waliopoteza watoto. Walikuwa na lugha mbili tofauti na kilio kimoja. Katikati ya vifusi vile ndipo lilipopatikana wazo la uzuri unaoinuka kutoka kwenye majivu.

Lakini nyimbo zenye msaada mkubwa zaidi, kwa maoni ya ukurasa huu, ni zile zisizo na jibu. Mmoja unaitwa Questions, yaani maswali, na ni maswali kweli, anamuuliza Mungu bila kupamba. Mwingine unauliza kama yote aliyokuwa akiyaimba kwa miaka 20 ni ya kweli. Ni jambo zito mwimbaji wa injili kuliuza hilo dukani.

Kwetu, msibani, maswali hayo hayapewi nafasi. Mtu akifungua kinywa anajibiwa kabla hajamaliza: kazi ya Mungu haina makosa, jikaze, wewe ni mwanaume, una watoto wengine. Yote husemwa kwa nia njema. Hata hivyo hayo maneno humfundisha mfiwa kunyamaza, na baba ndiye hunyamaza zaidi, kwa sababu anatakiwa kushughulikia turubai, jeneza na usafiri wa wageni. Wiki moja baadaye wageni wanaondoka, na yeye hajalia bado. Maandiko yenyewe hayana haraka hiyo. Sehemu kubwa ya kitabu cha Zaburi ni malalamiko, na Zaburi ya 88 inakwisha gizani bila faraja yoyote.

Wanaoimba kutoka Tenzi za Rohoni wanaujua wimbo wa Ni Salama Rohoni Mwangu. Mwandishi wake wa asili, Horatio Spafford wa Chicago, alipoteza mabinti wanne Novemba 1873 meli waliyopanda pamoja na mama yao ilipogongana na nyingine na kuzama katika Bahari ya Atlantiki. Mama pekee ndiye aliyeokolewa. Kanisa limeubeba wimbo ule kama mfano wa namna ya kupokea msiba, na ni wimbo mzuri. Tatizo ni kwamba unatuonyesha utulivu tu, hautuonyeshi usiku aliopitia baba yule kabla ya kuufikia. Albamu ya Chapman imejaa usiku huo.

Huzuni haina ratiba

Wengi wamesikia kwamba mfiwa hupita hatua tano: kukataa, hasira, kujadiliana, huzuni, kisha kukubali. Hatua hizo zilitolewa na daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, na alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wenyewe. Hakuwa akieleza wafiwa. Kwa hiyo mama anayecheka Jumatatu na kulia Jumanne mwaka wa pili hajarudi nyuma wala hajakosea hatua. Ukizisikiliza nyimbo za albamu hii utaona mtindo huohuo: wimbo wa uhakika, halafu wa mashaka, halafu wa uhakika tena.

Hata hivyo kuna wakati wa kuhofia. Watafiti nchini Denmark waliwafuatilia wazazi zaidi ya 21,000 waliopoteza mtoto, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003 katika jarida la The Lancet. Kwa akina mama, hatari ya kufa kwa sababu zisizo maradhi, kama ajali na kujiua, ilikuwa karibu mara nne ya akina mama wengine katika miaka mitatu ya mwanzo. Kwa akina baba ongezeko lilikuwa dogo zaidi, lakini lilikuwepo. Mwongozo wa sasa wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, ulioanza kutumika 2022, unautambua ugonjwa wa maombolezo ya muda mrefu. Hapa ni pale ambapo, miezi sita au zaidi baada ya kifo, uchungu bado unamzuia mtu kufanya kazi, kulea, kula au kulala, na umepita kiasi kinachotarajiwa katika mila na dini yake. Akifika hapo, au akianza kusema kwamba angependa kumfuata marehemu, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Asisubiri arobaini.

Wadogo zake marehemu nao wasisahauliwe. Mtoto wa miaka mitano hajaelewa vizuri kwamba kifo hakirudishi mtu. Akiambiwa dada yake "amelala", anaweza kuogopa kulala. Akiambiwa "amesafiri", atakaa mlangoni akisubiri. Mwambie amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, na si kosa lako. Sentensi hiyo ya mwisho inatakiwa kurudiwa mara nyingi, kwa sababu watoto huamini kwamba ugomvi wa juzi juu ya mdoli ndio uliomuua mwenzao.

Na suala la gari haliwezi kurukwa. Marekani imelazimisha magari mapya ya abiria kuwa na kamera ya nyuma tangu Mei 2018. Inasaidia, lakini hapa mtoto alikuwa analikimbilia gari linaloingia, na magari marefu huficha mtoto mdogo hata akiwa mbele ya boneti. Mtoto hajui kwamba dereva hamwoni, yeye analiona gari lote. Kwenye nyumba zenye gari, bodaboda au bajaji uani, kuwe na mtu mzima mmoja mwenye kazi ya kumshika mtoto mkono kila chombo kinapoingia au kutoka. Dereva azunguke gari kwa miguu kabla ya kuwasha. Na ule mchezo wa watoto kukimbilia geti baba anaporudi, unaotufurahisha sote, uhamishiwe mlangoni, injini ikiwa imezimwa.

Mwaka 2009, miezi michache kabla ya albamu kutoka, kituo kiitwacho Maria's Big House of Hope kilifunguliwa Luoyang, jimbo la Henan, kwa ajili ya matibabu na malezi ya yatima wa China wenye ulemavu na magonjwa. Jina lilitoka kwenye lile swali la Maria kuhusu nyumba kubwa.

Kijana aliyekuwa kwenye usukani sasa ni mtu mzima. Alipiga ngoma kwenye ziara za baba yake, kisha yeye na kaka yake wakaunda bendi yao, Colony House, iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka 2014. Bado ndiye mpiga ngoma.